Kiwanja kilikuwa cha kuyeyusha betri, muuzaji kamwaga udongo mpya juu. Ninunue au nikimbie?

Jirani_Mtarajiwa

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijatia saini maana nimepewa wiki mbili tu.

Kuna kiwanja nimekipata, kipo pazuri, barabara imefika, hati nimeikagua haina mkopo wala kesi, na bei iko chini kuliko viwanja vyote vya jirani, hapo ndo akili ikaanza kunicheza. Nikaenda kumsalimia mama mmoja anayekaa upande wa pili wa ukuta, mtu mzima, nikamuuliza kinamna, akaniambia mwanangu hapo palikuwa na watu wanapasua betri za magari wanayeyusha madini ya risasi ya ndani, moshi ulikuwa unaingia mpaka jikoni kwangu, wamefanya kama miaka sita halafu siku moja tumeamka hawapo. Muuzaji nilipomuuliza hakukataa, akacheka tu akasema hayo yaliisha zamani na mimi nimeshamwaga udongo mpya malori kadhaa. Na kweli udongo upo, mwekundu, umetandazwa vizuri, ukiuona unatamani kupanda maua.

Sasa juzi nimerudi peke yangu. Pale karibu na ukuta nikachimba kwa kisigino cha kiatu, haikufika hata kina cha kiganja rangi ikabadilika, chini ni kijivu kama majivu ya jiko yaliyolowa, kuna vipande vyeusi vya plastiki ngumu vina kuta kuta ndani, wanaojua betri wanaelewa nasema nini. Na ukiangalia vizuri upande ule hata majani hayajaota wakati kwingine yamejaa.

Nina watoto wawili, wa mwisho ana mwaka na miezi minne, kila anachookota kinaishia mdomoni.

Naomba kujua: huo udongo wa juu unatosha? Serikali si ndo inatakiwa ihakikishe sehemu kama hizi zinasafishwa kabla hazijauzwa? Na nikishanunua, siku wakija wakaguzi mzigo unakuwa wa nani, wangu au wa wale waliokimbia?

---

Bonde_Huru

Mkuu nunua acha woga. Sisi tumekulia karibu na gereji, tumechezea oili chafu na betri mbovu na tuko hapa tunaandika. Bei ya chini ni baraka, wengine wakisoma huu uzi watakuwahi.

---

fundi_sampuli

Bonde_Huru kuwa hai siyo kipimo ndugu yangu. Risasi haimwangushi mtoto siku hiyo hiyo, inamla taratibu kwenye ubongo, anakuwa mzito kushika masomo, hasira za ajabu, damu inapungua, na mzazi anasema tu huyu kazaliwa mtundu. Shirika la Afya Duniani wanasema wazi hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na mtoto mdogo mwili wake unanyonya risasi iliyomezwa mara 4 mpaka 5 kuliko mtu mzima, kwa hiyo wewe uliyekaa gereji ukiwa na miaka kumi na tano si sawa na huyu wa mwaka mmoja anayetambaa.

Mleta mada, mi kazi yangu ni kuchukua sampuli za udongo na maji, nimekanyaga viwanja vingi vya aina hiyo. Ulichokikuta, majivu na vipande vya kasha la betri, ndo picha yenyewe kabisa, sina haja hata ya kuja. Lakini macho hayatoshi kuamua, unahitaji namba.

Kwanza uelewe risasi inavyokaa. Siyo kama mafuta ambayo mengine yanaruka hewani na mengine bakteria wanayala. Risasi ni elementi, haiozi, haiishi, inang'ang'ania udongo wa juu na inakaa hapo hapo miaka mia na zaidi. Ndo maana ukimwaga udongo msafi juu hujaondoa kitu, umefunika. Kufunika kwenyewe siyo kosa, nchi nyingi zinakubali kama njia halali, ila kuna namna yake: unatandika kwanza kitambaa kigumu cha rangi kali ili mtu akichimba miaka ishirini ijayo aone rangi ajue asiendelee, halafu udongo msafi nusu mita hivi juu yake unashindiliwa, halafu inaandikwa kwenye kumbukumbu za kiwanja kwamba chini kuna nini. Alichofanya muuzaji wako ni kupaka poda usoni. Kiganja kimoja cha udongo, mvua mbili, kuku watatu, na siku ya kuchimba msingi vyote vinarudi juu kwenye vumbi.

Kuhusu kupima usichukue udongo wa sehemu moja. Gawa kiwanja vipande, kila kipande chukua vijiko vya sehemu tano sita uchanganye iwe sampuli moja. Na chukua tabaka mbili tofauti, ule wa juu kabisa wa sentimita chache, maana ndo mtoto anaushika, na ule wa chini ya udongo mwekundu. Usiuchanganye wa juu na wa chini, hapo ndo watu wanadanganywa, mtu anachimba shimo refu anachanganya yote sumu inazimuliwa na udongo msafi majibu yanatoka mazuri. Kuna wataalamu wana kale kamashine kanakoshikwa kama bunduki, kanapiga eksrei kwenye udongo unaona namba papo hapo, kanasaidia kutafuta madoa, halafu zile za kuamulia ndo unapeleka maabara. Na usimwache muuzaji akuletee sampuli, chimba mwenyewe au simama pale pale.

Namba za kulinganisha: Marekani kwa miaka mingi walitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kama alama ya kuanza kuchunguza, 2024 wakaishusha mpaka 200. Viwanja vya betri nilivyopima mimi maelfu ni jambo la kawaida.

---

Mama_Pacha

Kaka pole. Naongezea tu, kama umeshawahi kwenda na watoto pale wakacheza hata mara moja mbili usipanik ila viatu mlivyovaa vioshe nje msiingize ndani. Na huyo mama jirani mwambie apimishe damu ya wajukuu kama anao, vumbi halijui ukuta.

---

Afisa_Mstaafu

Niliwahi kufanya kazi ya ukaguzi wa mazingira kabla sijastaafu kwa hiyo nitajibu upande wa sheria, mnisamehe nitarefusha.

Kijana umeuliza serikali si inatakiwa ihakikishe. Inatakiwa. Lakini lazima ujue sheria nyingi za ardhi iliyochafuliwa duniani zimezaliwa kwa matanga, hakuna nchi iliyokaa ikawaza mapema. Pale Love Canal, Niagara Falls kule Marekani, kampuni ya kemikali ilifukia taka kama tani 21,000 kwenye mfereji wa zamani kuanzia 1942, ilipofika 1953 ikafunika na udongo, ikaiuzia bodi ya shule kwa dola moja, na kwenye hati wakaandika kabisa kwamba yakitokea madhara sisi hatuhusiki. Unaona inavyofanana na yako? Udongo juu, bei nzuri. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa, kemikali zikaanza kupenyeza kwenye vyumba vya chini ya nyumba, mpaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura watu wakahamishwa. Sheria yao ya kusafisha maeneo ya sumu ikaja 1980. Mwaka huo huo Uholanzi nao walikuwa na mji wa Lekkerkerk, mtaa mzima umejengwa juu ya mapipa ya taka, familia zikaondolewa, ndo wakatunga sheria ya udongo miaka mitatu baadaye.

Sasa swali lako la tatu ndo la maana kuliko yote, mzigo ni wa nani. Kanuni inayotajwa kila mahali ni mchafuzi alipe. Inasikika vizuri. Tatizo mchafuzi wako kaondoka usiku. Na hapo sheria za nchi nyingi zina mlango wa nyuma ambao wanunuzi hawaujui: mchafuzi asipopatikana anayeshikwa ni mwenye ardhi wa sasa. Uingereza iko hivo, wanamtafuta kwanza aliyesababisha au aliyeruhusu akijua, wakimkosa wanageukia mwenye eneo au anayelikalia. Marekani wakali zaidi, mmiliki wa leo anaweza kubebeshwa hata kama uchafu ulitokea kabla hajazaliwa, ila tangu 2002 kuna kinga kwa mnunuzi aliyefanya uchunguzi kamili wa historia ya eneo KABLA ya kununua na akaendelea kuchukua hatua za kuzuia madhara. Neno ni kabla. Ukichunguza baada ya kusaini umejifunga mwenyewe. Na wewe sasa hivi unajua, umechimba kwa kisigino na umeandika hapa, huwezi tena kusema sikujua.

Kwa hiyo nenda mamlaka ya mazingira ya eneo lako, peleka barua, siyo simu, barua inayogongwa muhuri wa kupokelewa. Uliza mambo haya: je hapo paliwahi kutolewa kibali cha shughuli gani, kuna malalamiko au amri yoyote ya kusafisha iliyowahi kutolewa, kuna taarifa ya kufunga shughuli. Halmashauri nayo ina kumbukumbu za leseni. Wazee na majirani usiwadharau, yule mama ana kumbukumbu kuliko faili.

Niseme na la moyoni. Kwenye kazi ile kilichonikera siku zote ni kwamba leseni ya kufungua inafanyiwa sherehe, watu wanakata utepe, ila kufunga hakuna anayekuuliza. Mtu anayeyeyusha risasi angetakiwa aweke dhamana ya fedha siku anaanza, asirudishiwe mpaka udongo upimwe siku anaondoka. Kwingine wanafanya hivo kwenye migodi. Kwa wadogo wadogo wa mitaani hakuna anayehangaika nao na hao ndo wamejaa.

---

Bonde_Huru

Afisa hizo ni habari za wazungu. Huku kwetu watu wa kipato cha chini sheria kama hizo zinatumika kuwafukuza tu, leo wanasema udongo una sumu kesho unaona ghorofa la mkubwa limesimama hapo hapo.

---

Afisa_Mstaafu

Hofu yako haijakosea yote, nimeona hayo. Lakini si za wazungu peke yao. Thiaroye-sur-Mer pale Dakar, Senegal, udongo uliojaa mabaki ya betri watu walikuwa wanauchekecha kutafuta risasi wauze, kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 wakafa watoto 18. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuchakata betri kilipakana na makazi, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo Phyllis Omido mtoto wake akaugua, akaanza kupiga kelele, wakamkamata lakini hakunyamaza, kiwanda kikafungwa 2014. Wakazi wakaenda mahakamani, 2020 wakapewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na cha kuzingatia ni kwamba siyo kampuni tu, taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia nazo zilibebeshwa sehemu. Rufaa ikayumbisha, ikafika mpaka Mahakama ya Juu mwisho wa 2024 ndo tuzo ikarudishwa. Hao walikuwa watu wa kipato cha chini na ndo waliolazimisha sheria ifanye kazi. Lakini hesabu mwenyewe miaka.

---

fundi_sampuli

Na Zamfara, Nigeria, 2010, kule ilikuwa ni kusaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya maboma ya nyumba, wakafa watoto zaidi ya 400. Nilichojifunza kwenye ile habari ni kwamba madaktari walikuwa na dawa ya kutoa risasi mwilini lakini waligoma kuanza tiba kwenye vijiji ambavyo udongo haujasafishwa, maana unamtibu mtoto unamrudisha kwenye vumbi lile lile, ni kazi bure. Wakakwangua udongo wa juu kwanza nyumba kwa nyumba wakaleta msafi, ndo dawa ikafuata. Anayekuambia atapima watoto tu bila kugusa kiwanja mkumbushe hiyo.

---

Jirani_Mtarajiwa

Asanteni sana wakuu, Afisa Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Barua nimepeleka leo, imegongwa muhuri. Nina mawili yamebaki. Kuna kisima pale nyuma, muuzaji anasema maji ni matamu, je nikichemsha yanakuwa salama? Na la pili, kuna rafiki ananiambia hakuna haja ya kuogopa namba, nijenge godauni badala ya nyumba, ni kweli?

---

fundi_sampuli

Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi hakuigusi. Tena maji yakipungua kwa mvuke inayobaki inakuwa nzito zaidi. Risasi kwa kawaida haikimbilii chini kwenye maji kwa kuwa inashikwa na udongo, ila sehemu za betri zilimwagwa tindikali, na udongo ukishakuwa mchachu unaiachia, kwa hiyo pima maji risasi na uchachu wake vyote. Utamu wa maji usikudanganye, baadhi ya chumvi za risasi zenyewe ni tamu.

Na usipime risasi peke yake. Hao jamaa huwa wanafanya na mengine, kama palikuwa na matenki ya mafuta chini ya ardhi ni habari nyingine kabisa, ule mvuke wake unapanda kupitia nyufa za sakafu unaingia chumbani na hausikii harufu kila mara. Kama kuna mabati ya zamani ya asbestosi yamevunjikavunjika usiyafagie, nyuzi zake zinaua mapafu baada ya miaka ishirini, thelathini.

---

Afisa_Mstaafu

La godauni rafiki yako hajakosea. Sheria nyingi za sasa haziulizi tu kuna sumu kiasi gani, zinauliza vitu vitatu pamoja: sumu ipo, njia ya kumfikia mtu ipo, na huyo mtu yupo. Kikikosekana kimoja hatari inakatika. Ndo maana kiwango cha eneo la viwanda kinaruhusiwa kuwa juu kuliko cha shule. Sakafu ya zege nzima ni kifuniko kizuri. LAKINI, na hapa wengi wanaanguka, hilo linafanya kazi kama matumizi yamefungwa kwenye maandishi ya hati. Bila hivo wewe utajenga godauni, mwanao atakuja kulibomoa ajenge vyumba vya kupangisha, na wafanyakazi wanaochimba msingi leo ndo wanavuta vumbi bila barakoa, nani anawahesabu hao.

Ukiamua kuendelea nalo, mkataba useme hivi: malipo yanasubiri majibu ya vipimo, na gharama ya kusafisha inakatwa kwenye bei au muuzaji anasafisha kwa kibali. Na udongo unaotolewa uende sehemu inayoruhusiwa na karatasi za kusafirishia zibaki kwako. Nimeshaona udongo wa sumu umechimbwa kiwanja kimoja ukaenda kusawazishia uwanja wa kuchezea watoto, lori lilikuwa linatafuta pa kumwaga tu.

---

Jirani_Mtarajiwa

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Majibu yametoka. Udongo mwekundu wa juu miligramu 31 za risasi kwa kilo, safi. Chini yake katikati ya kiwanja 740. Karibu na ukuta, pale pa kisigino, 6,200. Kona ya getini 95. Maji ya kisima hayajatoka bado. Nilimpelekea muuzaji karatasi, akaiangalia muda mrefu, akasema maabara hizi zinakosea sana, halafu akaniambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi na hana maswali mengi. Nikamwambia sawa, ila nakala nimeshaiambatanisha kwenye faili kule mamlaka ya mazingira, na afisa kaniambia wataweka zuio la uhamisho wa kiwanja mpaka wapime wao wenyewe. Hapo akanyamaza, tukaachana hivo. Mimi sinunui.

Ila fundi_sampuli nina swali. Nilipita kumuaga yule mama, nikamuonyesha ile 6,200 na ukuta upo upande gani. Akaniangalia akauliza, na bustani yangu? Ana matuta manne ya mboga yamegusa ukuta kabisa, upande wa pili wa pale pale nilipochimba, na anawauzia mpaka majirani. Nimechukua sampuli kila tuta, na nyingine mlangoni kwake ambapo wajukuu wanakaa. Mboga zenyewe nazo nipeleke zipimwe au udongo unatosha, na je nizioshe kwanza au nizipeleke na vumbi lake?

---

fundi_sampuli

Peleka mafungu mawili ya tuta moja, moja limeoshwa kama anavyoosha yeye jikoni, jingine usiliguse. Tofauti itakuambia ni vumbi lililokaa juu ya jani au imeshaingia ndani. Za majani na za mizizi ndo ziangaliwe zaidi, zile za matunda kama nyanya huwa hazibebi sana. Mpaka majibu yatoke asivune matuta yanayogusa ukuta, na wajukuu wapelekwe kupimwa damu wiki hii, wasisubiri karatasi ya udongo. Nitumie inbox siku ya kwenda, sampuli za mlangoni kwake nataka nichukue mwenyewe.